Nta Juu ya Fa na Ti

Jumamosi iliyopita nilipiga na bendi kwa mara ya mwisho, na mkanizawadia saa ya ukutani. Nawashukuru. Ni zawadi ya ajabu kidogo kumpa mtu ambaye mmetoka kumwambia kwamba hana tena haja ya kuwahi mahali, lakini inapiga sawasawa, jambo ambalo siwezi kusema juu ya wapiga ngoma wote niliofanya nao kazi.

Ninyi mnaobaki mmeniuliza mara nyingi juu ya gitaa lile kuukuu linaloning'inia chumba cha mazoezi: kwa nini shingo yake ina madoa meusi ya nta, kwa nini mkanda wake ni kamba ya katani, na kwa nini likitikiswa kuna kitu kinalia tumboni. Siku zote niliwajibu kwa mzaha. Sasa nina muda. Habari za vyeo sitaandika, maana kwenye bendi kuna vyeo viwili tu, anayepiga na anayebeba, nami nilivishika vyote viwili kwa siku moja. Nitaandika jinsi nilivyojifunza sauti tano za bluzi enzi za Mwingereza, na nini kilikuwa kinazitegemea.

Nilizaliwa kwenye miteremko ya Meru, juu ya Tengeru, katika kihamba cha baba, migomba juu na kahawa chini yake kama ilivyo kwa kila mtu kule. Baba aliangukiwa na mti akifyeka shamba la mzungu. Masika yaliyofuata mama akaugua kifua, naye akaenda. Mimi ndiye mkubwa. Nyuma yangu alikuwa Anandumi, msichana, kisha Ndekirwa, kisha Kaanaeli ambaye bado alikuwa akilia akiona kuku mkubwa. Niliacha shule darasa la nne, nikashika jembe. Kitu kimoja sikuacha, kwaya ya kanisani. Huko tulifundishwa kuimba kwa do, re, mi, fa, so, la, ti, hata tukawa tunaweza kuusoma wimbo tusioujua kama mtu anavyosoma kibao cha njiani.

Baba mdogo wetu, Zefania, hakuwa mtu mbaya. Lazima niseme hivyo, maana katika habari za mayatima baba mdogo huwa ndiye fisi. Yeye alikuwa mzee wa kanisa, mwenye watoto wengi na kihamba kidogo, na alifikiri kwa namna ya watu wote wa wakati ule. Alikuja siku moja kahawa ikiwa imeanza kuiva, akakaa kwenye kigoda cha baba.

"Mwanangu," akaniambia, "nyumba haishikwi na mtoto. Nimezungumza na wenzangu. Ndekirwa ataenda Ngaramtoni, kuna rafiki yangu ana ng'ombe na hana mchungaji. Anandumi atakwenda kwa shangazi yenu aliyeolewa Machame. Huyu mdogo nitakaa naye mimi. Na wewe utakwenda kambini, shamba la mkonge."

"Baba, hatutagawanywa," nikamjibu.

"Utawalisha kwa nini? Kwa kuimba?"

"Nitapata kazi. Kazi ya kudumu, ya kurudi nyumbani kila siku."

Nadhani alinihurumia. "Haya. Kahawa ikishavunwa na kukauka, nitarudi. Kama una kazi, mtabaki. Kama huna, usinibishie tena mbele ya watoto."

Na ili nisidhani ni mzaha, alifunga nguo za Ndekirwa katika blanketi, akazungusha kamba mpya ya katani, akauacha mzigo ule mlangoni. Tukawa tunauruka kila tunapoingia na kutoka.

Kazi niliyokuwa nimeifikiria ilikuwa moja. Mjini Arusha kulikuwa na bendi ya Bwana Rashidi, mtu wa Tanga mwenye tarumbeta na maneno mengi. Mpiga gitaa wake alikuwa amekwenda Nairobi kununua viatu, na siku zile mpiga gitaa aliyekwenda Nairobi kununua viatu alikuwa harudi. Bendi ilipiga hotelini katikati ya wiki na kwenye ukumbi wa Waafrika kila Jumapili. Ilikuwa kazi ya kweli. Kilichobaki ni mimi kujua kupiga gitaa.

Gitaa lenyewe nilikuwa nalo. Wakati wa vita Wapolandi walikaa kambini Tengeru, na mama alikuwa akiwapelekea ndizi na maziwa. Walipoanza kuondoka, mama mmoja wa Kipolandi alimpa mama gitaa lenye nyuzi nne zilizosalia. Mama alilipokea kwa furaha kwa sababu lilikuwa sanduku zuri. Tulilihifadhia mbegu za maharage misimu miwili. Zilipotolewa, harage moja lilikataa kutoka, na hilo ndilo mnalolisikia mpaka leo.

Mwalimu nilimpata Kaloleni, mtaa wa mjini Arusha. Aliitwa Koplo Aminieli, Mchaga wa Machame, askari wa keya, jeshi la Mwingereza, aliyerudi kutoka Burma na kufungua kibanda cha kutengeneza baiskeli. Watu walisema kule Burma alikaa karibu na Wamarekani weusi waliokuwa wakijenga barabara, wakamfundisha gitaa lao. Nilimkuta amepiga magoti mbele ya gurudumu.

"Shikamoo, Koplo."

"Marahaba. Baiskeli iko wapi?"

"Sina baiskeli. Nina gitaa."

Akageuza kichwa. "Hilo ni gitaa? Nilidhani umeniletea kiota cha kuku." Akalichukua, akalitikisa, harage likalia. "Na lina mimba. Piga nisikie."

Nikapiga wimbo wa kanisani, kwa nyuzi zile nne, nikiwa nimeupanga vizuri bila kosa hata moja. Koplo alisikiliza spana ikiwa mkononi mpaka nikamaliza.

"Umeshasali?"

"Ndiyo, Koplo."

"Sasa nikuulize. Wewe umefiwa?"

"Ndiyo. Baba na mama."

"Pole sana. Siku ile ya msiba, ulisema maneno yote unayoyajua?"

"Hapana. Sikusema kitu."

"Basi mbona hapa unasema yote? Bluzi ni maneno machache ya mtu aliyeona mengi. Punguza."

Alikuwa na kipande cha nta ya nyuki, nyeusi kwa uchafu, ambayo alipaka uzi wa kushonea siti za ngozi. Akalilaza gitaa magotini akaanza kudondoa vipande vidogo vya nta na kuvibandika shingoni, katika vyumba vilivyo kati ya vyuma, mahali nilipozoea kuweka vidole. "Hapa usikanyage," akawa anasema. "Na hapa. Na hapa. Kidole kikigusa nta, kitoe, kama umegusa jiko."

Nilipozitazama sehemu alizoziziba nilizitambua kwa majina. Zote zilikuwa fa na ti. Zilizobaki wazi zilikuwa do, re, mi, so na la. Sauti tano tu.

Nyuzi mbili zilizokosekana alizitengeneza kwa waya wa breki ya baiskeli, akiufumua na kuchagua uzi mmoja mmoja kulingana na unene. Ninyi mna nyuzi za dukani, na bado nasikia manung'uniko. Kisha akanionyesha jambo ambalo nataka kila mmoja wenu alijaribu leo. Ukiufanya uzi wa tatu ulioachwa wazi kuwa do, basi nyuzi zote sita zikiachwa wazi zimo ndani ya zile sauti tano. "Hata gitaa likianguka chini litasema kweli," alisema Koplo. Ndiyo maana namwanzisha mwanafunzi hapo na si penginepo. Mkono wa kushoto ukichoka, mkono wa kulia bado unaongea.

Alinifundisha kwa pampu ya baiskeli. Yeye alijaza upepo, shh, shh, shh, nami nilipaswa kuweka sauti zangu ndani ya pumzi ile. Tairi likijaa, tumemaliza. Kama nilikuwa napiga vibaya alilitoa upepo akaanza upya, na mwenye baiskeli akasubiri. Nilitukanwa na wateja wengi wa heshima. Alinifundisha pia kwamba mi haiingiwi wima. Unaanzia nyuma yake kidogo, unateleza mpaka ufike, kama mtu mrefu anayeinama kwenye mlango mfupi. Kwamba ukiuliza kwa gitaa, unyamaze, halafu ujibu. Na kwamba kunyamaza ni sehemu ya kupiga, jambo ambalo vijana wa magitaa ya umeme wamelisikia kutoka kwangu mara nyingi na watalisikia siku moja kwa masikio.

Nyumbani nilifanya mazoezi mbele ya kahawa iliyoanikwa, nikifukuza kuku kwa mguu. Nilizishika zile sauti tano kama mtoto wa kipaimara anavyozishika amri. Sikukanyaga nta. Kidole kikielekea huko chenyewe kilijirudi. Mvuno ulipokaribia kwisha, nilikuwa naweza kuzipanda na kuzishuka nikiwa nimefumba macho, kuzivunja, kuzirudia, kuziuliza na kuzijibu. Koplo akasema, "Nenda kwa Rashidi. Ukiulizwa nani kakufundisha, kama umepiga vibaya, sema umejifunza mwenyewe."

Siku zile Mwafrika aliyetembea mjini usiku aliulizwa kibali, kwa hiyo dansi letu lilikuwa la mchana. Lilianza saa nane jua likiwa kali, na watu walicheza bluzi wakitoka jasho ndani ya makoti ya suti. Nilifika mapema. Bwana Rashidi alikuwa anafuta tarumbeta kwa leso.

"Ndiye wewe wa Koplo? Karibu, mwanangu. Huku bara mna baridi, lakini hatulali. Kaa pale. Tunapiga bluzi, pole pole. Ingia nikikutazama."

Hapa lazima nieleze kitu kwa wale wanaojifunza. Bluzi ina nyumba tatu. Wimbo unaishi nyumba ya kwanza. Baadaye unatoka kwenda nyumba ya pili, ambayo imejengwa juu ya fa, unakaa kidogo, unarudi. Kisha unachungulia nyumba ya tatu, iliyojengwa juu ya so, na unarudi tena kwako. Kibandani kwa Koplo nilikuwa napiga peke yangu na pampu, na pampu haina nyumba. Sikuwa nimewahi kusikia wenzangu wakitoka.

Bwana Rashidi akanitazama, nikaingia. Nyumba ya kwanza ilikwenda kama maziwa. Nikaona mpiga ngoma anatabasamu. Kisha bendi ikatoka kwenda nyumba ya pili, na mimi nikabaki palepale na sauti zangu tano, nikiikazania mi kwa uaminifu wote. Ikakwaruza kama kisu juu ya sahani. Nikafikiri sijaipiga kwa nguvu ya kutosha, nikaipiga kwa nguvu zaidi.

Bwana Rashidi akashusha tarumbeta.

"Mwanangu," alisema, na bendi nzima ikanyamaza ili isipitwe, "wenzako wamekwenda sokoni. Wewe umebaki kanisani."

Wakacheka. Mpiga ngoma alicheka kwa ngoma.

"Mkono wako mtamu," akaendelea Bwana Rashidi. "Utamu wa kweli, sikufichi. Lakini uko peke yako. Njoo Jumapili ijayo. Ukibaki tena kanisani, utatuombea tu, hutatupigia."

Nilirudi kwa miguu. Kahawa yetu ilikuwa tayari imeanza kulia ikitikiswa, dalili kwamba imekauka. Baba mdogo alikuwa amekwisha kutuma neno kwamba atakuja Jumapili ileile baada ya ibada.

Kesho yake nilikwenda kwa Koplo. Sikumweleza kitu. Nilimwomba tu apige bluzi nzima kwenye gitaa lake, akitoka na kurudi kama bendi. Akapiga, nami nikavitazama vidole vyake kuliko nilivyowahi kuvitazama. Alipofika nyumba ya pili nikaruka.

"Koplo! Umekanyaga fa!"

"Nimekanyaga nini?"

"Fa! Hapo, uzi wa pili, chumba cha kwanza! Ndipo uliponiwekea nta!"

Akautazama mkono wake kama mtu aliyeonyeshwa picha ya nduguye. "Kweli," akasema. "Nikifika huko mkono unahamia."

"Unahamia wapi?"

"Huko. Kunakofaa. Sijui majina yenu ya kwaya, mimi siku ya Jumapili nilikuwa nalinda daraja."

"Sasa kwa nini ulinikataza?"

"Kwa sababu ulikuwa unazikanyaga kila saa, kama ng'ombe kwenye bustani ya mchicha. Mtoto ukimfundisha barabara, si unaanza kwa kumwambia asivuke?" Akashika tena spana. "Nilikukataza kukanyaga. Sikusema mpaka kufa."

Lilikuwa jibu zuri, lakini halikuniambia nikanyage wapi na lini. Mkono wake ulijua na mdomo wake haukujua. Hakuwa ananificha. Alikuwa amejifunza kwa kutazama watu ambao hakujua lugha yao, na mkono wangu usingeweza kuupata mwendo wa miaka ile kwa siku zilizobaki.

Nyumbani niliwakusanya wadogo zangu. Sikuwa na bendi, basi nikawafanya wao bendi. Kaanaeli nilimpa debe apige pole pole. Ndekirwa, aliyekuwa na sauti ya kuanza kuvunjika, nilimwambia ashike msingi wa kila nyumba: aimbe do, nikitikisa kichwa aende fa, nikitikisa tena arudi. Anandumi alikuwa ameketi na ungo akichambua kahawa, akitupa punje mbovu pembeni. Hakuombwa kitu.

Tukaanza. Nyumba ya kwanza safi. Ndekirwa akaenda fa, na mi yangu ikamkwaruza palepale. Tukarudia, ikakwaruza. Ndekirwa akasema, "Kaka, labda mimi ndiye mbaya. Nikienda Ngaramtoni utapata mwingine."

"Nyamaza, imba."

Tukarudia tena. Ndipo Anandumi, bila kuinua kichwa kwenye ungo, akasema, "Hiyo unaiita fa. Iite do."

"Do ni hii hapa."

"Do ilikuwa hiyo. Ndekirwa akitoka, do imehama naye. Mwalimu wa kwaya alitufundisha daraja ili iweje?"

Waliosoma kwaya za wakati ule watanielewa mara moja. Wimbo ulipohama katikati, mwalimu alitufundisha kwamba kuna sauti moja yenye majina mawili. Unaikanyaga kwa jina lake la zamani, unaondoka nayo kwa jina jipya, na tangu hapo majina yote yamehama. Hiyo sauti tuliiita daraja. Nilikuwa nimevuka madaraja hayo kanisani tangu sijaota ndevu. Sikuwahi kufikiri kwamba yanafika mpaka kwenye ukumbi wa dansi.

Nikaweka kidole juu ya nta ya uzi wa pili, chumba cha kwanza, na mara ya kwanza sikukiondoa. Nikaiita do. Zile nyingine zikajipanga zenyewe: so ikawa re, la ikawa mi, do ya zamani ikawa so, re ya zamani ikawa la. Yalikuwa majina matano yaleyale, ngazi ileile, imehamia nyumba ya pili. Sikukwaruzana tena na Ndekirwa. Tulikuwa tumekwenda sokoni pamoja.

Kisha nikajaribu nyumba ya tatu. Nikaifanya so kuwa do, nikahesabu kupanda, do, re, na nilipofika kwenye mi kidole kilikanyaga nta nyingine, ile ya ti. Nikaanza kucheka. Zile sauti mbili zilizokatazwa hazikuwa mbaya hata kidogo. Kila moja ilikuwa na nyumba yake, na kosa langu lilikuwa kutaka zote zikae nyumba moja au zitoke kabisa.

Anandumi akauliza, "Unacheka nini? Kuku wanafukua kahawa."

Nta sikuikwangua. Iliyokuwa ukuta sasa ilikuwa kizingiti. Kidole kikihisi kauvimbe kale kadogo kinajua, bila macho, kwamba mlango uko hapo. Wiki ile yote tulipiga hivyo: debe, sauti ya Ndekirwa, na Anandumi akisema "Daraja!" kila nilipochelewa, kwa ukali ambao mwalimu wetu wa kwaya hakuwa nao.

Jumapili ikafika. Baba mdogo alikuja kutoka ibadani amevaa kofia yake ya kanisa. Akautazama mzigo mlangoni. Nikamwambia, "Baba, kazi yangu inaamuliwa leo saa nane. Njoo uione." Akasema mzee wa kanisa haingii dansini. Nikasema ukumbi una madirisha.

Basi alitembea nasi, na alipofika alisimama nje ya dirisha na wadogo zangu watatu, akamwambia kila aliyepita kwamba anapunga hewa. Arusha nzima ina hewa, na yeye alikuja kuipunga pale.

Niliketi. Bwana Rashidi akaniuliza kwa jicho kama nimekuja kusali. Ngoma ikaanza, pole pole, watu wakashikana, vumbi likapanda katika mwanga wa madirisha. Akanitazama, nikaingia nyumba ya kwanza na maneno machache. Niliuliza, nikanyamaza, nikajibu. Nikasikia bendi inajiandaa kutoka, kidole kikaitafuta nta, kikaipata, na tukavuka wote kwa pamoja.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akicheza akageuka akasema kwa sauti, "Hee! Sema nao, kaka!"

Nikarudi nyumbani kwangu, nikachungulia nyumba ya tatu, nikaiteleza mi ya kule kutoka nyuma yake kama Koplo alivyonifundisha, nikarudi. Bwana Rashidi hakuinua tarumbeta kuingia. Alizungusha kidole hewani: tena. Nikapiga duru nyingine. Akazungusha tena. Duru ya tatu wachezaji wa mbele walikuwa wamesimama wanasikiliza. Nikatupa jicho dirishani. Kaanaeli alikuwa amesimama juu ya viatu vya baba mdogo, ameshika koti lake kwa mikono miwili, anayumba, na baba mdogo, akitazama mbali kabisa kuelekea mlimani, alikuwa anayumba naye.

Ulipokwisha Bwana Rashidi aliniinamia. "Nani alikuonyesha njia ya sokoni?"

"Mdogo wangu, huyo msichana wa dirishani."

"Kheri yeye hana gitaa, ningekuacha wewe." Akacheka, kisha akawa mtu wa kazi. "Nafasi ni yako. Ila katika bendi yangu watu hupiga wamesimama. Jumapili ijayo sikutaki kwenye kiti kama fundi cherehani."

Akatoka mwenyewe hadi dirishani, akampa baba mdogo mkono.

"Bwana," baba mdogo akauliza, "hii kazi uliyompa ni ya kudumu?"

"Mzee wangu, nilikuwa natafuta mpiga gitaa. Sasa sitafuti."

Baba mdogo alivua kofia, akaipangusa vumbi ambalo halikuwapo, akaivaa. "Na zile sauti," akaniuliza kwa Kimeru ili mtu wa Tanga asisikie, "ni za dhambi?"

"Zote zimo katika kitabu cha nyimbo, baba. Ni tano tu."

"Nilihisi nazijua," akasema. Halafu akamgeukia Anandumi. "Mkifika nyumbani, mfungulieni Ndekirwa mzigo wake."

Hatukusubiri asubuhi. Jua lilikuwa bado liko juu ya migomba tulipofika. Ndekirwa mwenyewe alikaa juu ya mzigo, Anandumi akafumua mafundo kwa meno, nguo zikarudi kwenye kamba ya ukutani, na blanketi likarudi kitandani ambako watatu walikuwa wakilihitaji. Kamba ya katani ikabaki chini. Ndekirwa akaiokota, akanitazama, akalitazama gitaa.

"Si umeambiwa usimame?"

Kesho yake Koplo Aminieli alipigilia bolti ya baiskeli kwenye tako la gitaa ili kamba ipate pa kushika, akatikisa, akasikiliza harage, akasema mtoto anaendelea vizuri. Wadogo zangu walikua wote katika nyumba ile. Anandumi alikuja kuifundisha kwaya yetu madaraja, na nasikia wanafunzi wake hadi leo hukaa wima wakimwona. Baba mdogo hakuwahi kuidai kamba yake. Kila alipopita karibu na ukumbi Jumapili mchana alikuwa na haja ya kupunga hewa.

Kwa hiyo nawaomba, gitaa lile msilitie vanishi, nta msiikwangue, na kamba msiibadilishe kwa mkanda mzuri zaidi. Atakayekuja kujifunza, mwanzisheni kwa sauti tano. Mzibieni fa na ti mpaka ajifunze kunyamaza. Kisha mpeni watu wa kutoka nao.

Jumapili ile iliyofuata niliivaa kamba shingoni, nikasimama. Nimesimama mpaka Jumamosi iliyopita.